Mahali Nilipokuwa Ijumaa Ile

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa maishani haikuwa na tabia ya kukwambia ulipo. Ukiiwasha inanguruma, inahesabu hesabu zake, kisha inatulia na kukuonyesha herufi C na kamshale kadogo kanakoelekea kulia, basi. Uwe mlangoni, uwe ndani ya kazi yako, uwe ndani ya kazi ya mwenzako, ni C ile ile na kamshale kale kale. Siku hizi wanangu wakinionyesha skrini zao zilizojaa picha na majina, nawaambia hawajui walichoepushwa, nao hucheka kwa kuwa wanadhani natania.

Ilikuwa miaka ya ruksa, pale Songea mjini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika, chama ambacho zamani ndicho kilichonunua mahindi na tumbaku ya wakulima, apende mtu asipende. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa. Walikuja na malori yao na mizani zao mpaka Lusewa, wakanunua mkulima akiwa bado na jembe begani, na ofisi yetu ikabaki na viti vingi kuliko watu wa kuvikalia. Kwenye korido lilitembea neno moja tu: kupunguzwa. Fulani yumo kundi la kwanza, fulani kundi la pili. Mtu akiitwa kwa meneja, wenzake waliangalia kama anatoka na bahasha.

Kompyuta tuliachiwa na wataalamu wa mradi fulani wa kigeni walipofunga virago. Iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, ikashonewa kifuniko cha kitenge, na kwa hofu ya vumbi ikapitishwa amri kwamba viatu vinaachwa mlangoni, kama msikitini. Hapo ndipo tulipojua siri za soksi za wakubwa. Kutoka Dar akaja fundi wa kutufundisha, akakaa siku nne. Alituambia mashine ni nyumba yenye vyumba, na kila mtu atapewa chumba chake cha kuwekea kazi. Ukitaka kuingia unaandika CD, halafu jina la chumba. Changu aliita BARUA. Nikayaandika yote kwenye daftari la mazoezi, kwa sababu mimi kitu nisichokiandika huwa sikijui.

Kanuni ya fundi ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikatuchosha. Kila anayekalia kiti baada ya mwenzake aizime mashine, aiwashe tena, ndipo aanze kazi. Ukiizima unarudi mlangoni. Usipoizima, utaanzia pale mwenzako alipoachia, na hutajua ni wapi.

Tulioitumia tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa karani wa masjala, mzee aliyekuwa ameitumikia ofisi ile tangu mimi sijaanza shule. Alikuwa na mwandiko wa kuonea wivu na mikono mikubwa ya mkulima, kwani kila Ijumaa jioni alirudi kwake Maposeni kulima. Meneja alikuwa amempa kazi ya kuliingiza daftari la wakulima kwenye mashine: wanachama wote, kijiji kwa kijiji, jina la mtu na jina la mrithi wake. Chumba chake ndani ya mashine kiliitwa DAFTARI. Na meneja alisema mbele yetu sote, kwenye kikao, bila kumung'unya maneno, kwamba daftari likikamilika kabla ya mkutano mkuu, mzee atabaki hadi astaafu kwa heshima, maana ilibaki miaka miwili. Lisipokamilika, ataondoka na kundi la kwanza, kwa sababu ofisi haiwezi kumlea karani asiyeiweza mashine.

Mzee aliitikia, "Sawa, meneja," akaanza. Alipiga kwa vidole viwili vya shahada, herufi moja, anatazama juu, herufi nyingine, anatazama juu. Miezi saba. Asubuhi ilikuwa zamu yake, saa nne na nusu ilianza yangu, na saa sita umeme ulikatika kwa mgao, kwa kuwa mashine za dizeli zilizoulisha mji zilikuwa zimechoka kama sisi. Nikifika mlangoni nilikuta anamalizia jina, anasema kwa sauti ya chini, "Haya, na wewe umeingia," kana kwamba huyo mkulima amekuja mwenyewe na kuvua kofia.

Sasa nieleze habari ya kiti, maana bila hiyo mtu ataniona mpumbavu tu, na mimi napenda nionekane mpumbavu mwenye sababu. Nyumbani kwetu mama alitufundisha kwamba mkubwa akikuachia kiti, unakaa palepale, hivyo hivyo kilivyo. Hukipanguzi. Hukigeuzi. Ukikipanguza umemwambia kwamba ameacha uchafu. Nilichapwa kwa jambo hilo nikiwa na miaka sita, kwa kigoda alichoniachia mama mkubwa, na funzo la fimbo halifutiki.

Siku za mwanzo niliifuata kanuni ya fundi. Mzee alipoinuka, mimi nilikaa, nikazima, nikawasha. Wiki ya pili akanitazama hivyo akiwa anavaa viatu mlangoni, akauliza, "Mwanangu, nimeacha uchafu gani humo?" Aliuliza huku anacheka, ila macho yake hayakucheka. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Tangu siku ile nilikuwa nasubiri aondoke kabisa, hatua zake ziishie kwenye korido, ndipo nizime na kuwasha. Mara nyingine niligusagusa karatasi dakika tano nzima nikimsubiri. Fundi wa Dar hakutufundisha kitu cha kufanya mzee asipoondoka.

Ijumaa ile hakuondoka. Mkulima mmoja alikuwa ametoka Lusewa kuja kuuliza kama jina la mrithi wake limebadilishwa, kwani mkewe alikuwa amefariki. Mzee akainuka haraka, akakifuta kiti kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Karibu, mwanangu, kiti kina joto." Kisha akasimama na yule mkulima palepale mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaanza kumfariji. Wakaongea. Saa tano ikapita. Mimi nilikuwa na barua nne za kupiga kabla ya umeme kukatika, na chumba changu kilikuwa kimejaa barua zilizokwisha kupelekwa. Kila Ijumaa nilikuwa nazifuta zote ili mashine ipate nafasi. Kazi hiyo niliiita kufagia.

Niliangalia kitufe cha kuzimia. Nikamwangalia mzee. Alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, au labda hakuwa ananitazama, sijui. Mtu mwenye wasiwasi huona macho kila mahali. Nikasema moyoni, leo nisimuudhi mbele ya mgeni. Nikaandika CD BARUA.

Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kwamba jambo hilo ni batili. Neno lile nililifahamu, nilikuwa nimelipiga mara nyingi kwenye barua za leseni. Nikafikiri kidogo, na nilichofikiri ndicho hiki: jana yake mimi ndiye niliyemaliza kazi mwisho, nikiwa chumbani kwangu, basi bila shaka bado nimo. Mtu hapigi hodi kwenye nyumba aliyomo. Ndiyo maana mashine inakataa. Nikajiona nina akili. Kumbe baada yangu mashine ilikuwa imezimwa na kuwashwa, na mzee alikuwa ameingia kwake na kufanya kazi asubuhi nzima. Hayo yote niliyajua, mbona! Nilimwona kwa macho yangu akiwa amekaa. Lakini kichwa chenye haraka hukutupia jibu la kwanza lililo karibu, nawe unashukuru na kulipokea.

Nikaandika amri ya kufuta vyote. Mashine ikauliza kama nina hakika, Y au N. Nikabonyeza Y.

Kwa kawaida ufagiaji wangu ulikuwa unaisha kabla sijaondoa kidole. Safari hii taa nyekundu iliwaka, ikazima, ikawaka, na sauti ya kukwaruza ikaendelea ndani ya lile sanduku kama panya aliyepata gunia. Ilikuwa ndefu mno.  Taa ikazima. C na kamshale vikarudi, vimetulia, havina habari na mtu.

Nilitaka kwenda mahali, mahali popote nitakapojiridhisha. Nikaandika CD, nikasita, kwa sababu sikujua niandike jina gani mbele yake. Kidole kikashuka chenyewe kwenye kitufe cha kupeleka. Ilikuwa amri nusu, swali lisilo na mwisho, na nikategemea nitagombezwa tena. Badala yake mashine ikaandika mstari mmoja mfupi. Iliandika C, nukta mbili, kamstari ka mshazari, halafu DAFTARI.

Nilisoma mara tatu. Kumbe ilikuwa inaweza kusema. Siku zote ilikuwa inaweza kusema, ila ilitaka iulizwe hivyo, CD peke yake, bila kuitajia pa kwenda. Fundi hakutuambia, au alituambia siku nilipokuwa nachonga penseli. Nikaandika amri ya kuorodhesha, nikaambiwa hakuna faili hata moja. Nyuma yangu mzee alikuwa anamwambia mkulima, "Usihofu, ndugu yangu. Jina nimeshalibadilisha leo asubuhi. Limo."

Nakala haikuwepo. Diski zilikuwa nne tu, na meneja alizifungia kabatini kama dhahabu, asiombwe. Kuchapa kwenye karatasi kulisubiri utepe mpya wa printa kutoka Dar. Yalikuwapo makaratasi ya vijijini, ya mwandiko wake wa zamani, aliyokuwa ananakili, lakini ile ilikuwa kazi ya miezi saba na mkutano mkuu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Umeme ukakatika nikiwa nimekaa hivyo hivyo. Nilipogeuka mlangoni hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa amempeleka mgeni kunywa chai, na kutoka hapo alipata lifti ya gari la misheni kwenda kwake.

Usiku ule kwenye chumba changu cha kupanga Lizaboni sikula. Nilijaribu kujidanganya kwamba labda mashine imeyaficha majina mahali, kwamba Jumatatu yatarudi yenyewe. Kisha nikawaza lile jambo baya, na kwa kuwa naandika habari zangu mwenyewe acha nilitaje: niliwaza kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Mzee ndiye mwenye chumba. Mzee ndiye asiyeiweza mashine, wote wanasema hivyo. Nilijiogopa.

Jumamosi asubuhi nikaenda Maposeni kumwambia. Nilipanda pikapu ya wachuuzi, nikashuka, nikatembea, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mzee, shikamoo, nimekuja na habari mbaya. Hapana. Mzee, shikamoo, ile mashine. Hapana. Mahindi yalikuwa yamekomaa pande zote za njia, na mimi naongea peke yangu kama mwendawazimu.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mkewe. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Mama, umemwona? Ndiye huyu mwenzangu wa mashine, yule ninayekuambia." Akainuka, akatafuta kiti, akakosa, akanipa alichokalia yeye. Nikakaa hivyo hivyo kilivyo.

Mama akaleta togwa, halafu ugali na maharage, akanihimiza nile, akasema mbona mwembamba, mjini hawapiki? Mzee aliwaita majirani wawili waje wanione. Aliwaeleza jinsi jina la kila mmoja wao lilivyomo ndani ya sanduku dogo, na jina la mrithi wake limo, na kwamba hata ofisi ikiungua moto majina hayataungua. Mmoja akauliza, "Na langu?" Mzee akasema, "Lako ndilo la kwanza kwa kijiji hiki." Jirani akatikisa kichwa kwa furaha. 

Nilisubiri majirani waondoke. Walipoondoka, mama naye akaenda mtoni, nikasema, "Mzee, kuna jambo."

"Na mimi lipo," akasema, akasogea karibu. Mkubwa akitaka kusema, mdogo hunyamaza, nami nikanyamaza. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwezi uliopita alibonyeza asichokijua, Lusewa yote ikapotea. Aliipiga upya kwa wiki mbili bila kumwambia mtu. "Sijui nilifanya nini, mwanangu. Nikiwa pale huwa sijui niko wapi. Naomba Mungu tu. Meneja asijue, ataniondoa kabla ya siku. Wiki mbili zijazo nimemaliza." Halafu akacheka kidogo, akauliza, "Haya, na la kwako?"

Nilimtazama usoni. Ningesema pale, kwenye ule uwanja, angebaki na siku mbili za kulia na mkewe, halafu tungeingia kwa meneja tukiwa pamoja na kauli moja. Leo naiona njia hiyo wazi kabisa. Siku ile niliona mzee anayefurahi, na togwa ambayo sijaimaliza. Nikasema, "Nilitaka kukuomba mbegu za maboga." Akanipa. Nilirudi Songea na mfuko wa mbegu za maboga, nikilia ndani ya pikapu, wachuuzi wakidhani nimefiwa.

Jumatatu niliamka alfajiri ili nimuwahi mlangoni. Nilikuwa nimeapa. Nilipofika ofisini viatu vyake vilikuwa tayari nje ya chumba cha mashine, vimepangwa vizuri, vidole vimeelekea ukutani. Nikasikia kiti kinasukumwa. Akatoka. Uso wake sikuwahi kuuona vile, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Akanipita bila kuniona, akavipita na viatu vyake, akaenda na soksi mpaka kwa meneja.

Nilimfuata. Nilimfikia akiwa ameshasimama mbele ya meza.

"Meneja," alisema, "nimelifuta daftari. Lote. Ni mkono wangu huu."

"Si yeye!" nikasema. "Meneja, si yeye, ni mimi. Ijumaa. Nilikuwa nafuta barua zangu, nikafuta chumba chake."

 Meneja alikuwa mtu wa makamo, mgeni wa mkoa wetu, si mkatili. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akatabasamu kwa huruma, na lile tabasamu ndilo lililoniogopesha kuliko ukali. "Binti," akasema, "una malezi mazuri. Lakini hapa ni kazini."

"Sisemi kwa adabu, nasema kweli!"

"Mwanangu, acha," mzee akaniambia. "Usijitie kwenye moto wa mwenzio." Akamgeukia meneja. "Si mara ya kwanza. Mwezi uliopita nilifuta Lusewa. Huyu anajua, Jumamosi nilimwambia nyumbani. Ndiyo maana anajitwika."

Meneja akanitazama kama aliyepata kipande cha mwisho cha habari. Nikaona jinsi ilivyokaa sawasawa machoni pake: msichana kaenda Maposeni, kamwona mzee na hali yake, karudi ameamua kujitoa. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko ya kwangu. Hata mimi ningeiamini.

Nikawaomba waje kwenye mashine. Tuliingia wote watatu, meneja naye akavua viatu. Nikakaa, nikawaonyesha. Nikaandika CD peke yake, nikasema, "Ijumaa niliuliza hivi, na ikajibu kwamba niko DAFTARI, baada ya kufuta." Mashine ikajibu hapo hapo. Ikasema DAFTARI.

"Bila shaka," meneja akasema taratibu, "mzee ametoka humo sasa hivi. Hiyo inasema ulipo leo. Ijumaa ulikuwa wapi, inaweza kusema?"

Nilikaa na vidole juu ya vitufe. Nilijaribu kukumbuka kila kitu kilichokuwa kwenye daftari langu la mazoezi. Haikuwepo amri ya kuuliza ulikuwa wapi. Kamshale kalikuwa kanawaka na kupotea, kananisubiri. Nikafungua chumba changu cha BARUA niwaonyeshe kwamba zile barua za zamani bado zimo, kwamba sikuzifuta, kwamba ndiyo ushahidi. Meneja akazitazama, akasema, "Ina maana Ijumaa hukufanya usafi. Basi," akanipiga begani.

Na hapa ndipo pagumu kupita pote. Meneja aliposema "basi", kitu kilinitoka kifuani na nikavuta pumzi. Nilipata nafuu. Nilikuwa nimesema kweli mara tatu mbele ya mashahidi, sikuaminiwa, na kazi yangu ilikuwa bado ipo. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza kukaa kwenye mlango wa meneja kila siku hadi anifukuze ili aniamini. Sikufanya hivyo. Nilienda kwa mzee siku mbili baadaye, nikamweleza kila kitu, kiti, leso, mkulima wa Lusewa, taa nyekundu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anatikisa kichwa. Kisha akasema, "Umepanga vizuri. Mtu asiyekujua angeamini."

Barua yake ya kuondoka niliipiga mimi, maana barua zote za ofisi nilizipiga mimi. Kabla ya kuanza niliandika CD peke yake, nikasubiri nijibiwe, nikasoma jibu kwa sauti. Tangu siku ile sijawahi kukalia mashine ya mtu yeyote bila kuiuliza nilipo, hata hizi za sasa ambazo zinasema zenyewe. Mzee aliondoka na kundi la kwanza, mwisho wa mwezi, bila sherehe, akiwa na mwavuli wake na kalamu zake. Mkutano mkuu ulifanyika, na daftari lilisomwa kutoka kwenye yale yale makaratasi yaliyoandikwa kwa mkono wake, na hakuna mjumbe aliyelalamika.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja baada ya misa nikasikia hodi pale kwangu Lizaboni. Alikuwa mke wa mzee. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, miguu imejaa vumbi hadi magotini, na kwapani ameshika kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nikamkaribisha, nikampa maji. Hakukaa sana.

"Mzee amenituma," akasema. "Anasema wale aliowazaa mwenyewe hakuna ambaye angesimama mbele ya mkubwa na kumsitiri vile. Kijiji kizima tumewaambia."

"Mama," nikasema, "sikumsitiri. Mimi ndiye niliyefuta."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndivyo alivyosema utasema."

Akanipa yule kuku. Kwetu zawadi ya mtu mzima aliyetoka mbali hairudishwi. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono, nikasema asante, mama, nikampokea.